Kumfikishia Msimamizi Habari ya Ubaya: Je, ni Kusengenya?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa katika semina ya akina baba na akina mama)



Maudhui niliyopewa leo ni wajibu wa mtu aonaye ubaya ndani ya kundi lililoundwa kwa ajili ya kusaidiana. Kwa kusema kweli nilipoambiwa niyazungumzie nilidhani ni jambo jepesi. Kisha nikakumbuka yaliyompata binti wa marehemu kaka yangu, naye ameniruhusu niyasimulie bila ya kumtaja jina.

Binti huyo ana mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu. Aliyewahi kumwuguza mtoto wa namna hiyo hahitaji kuelezwa: maumivu ya mifupa yanayozuka ghafla, upungufu wa damu, na safari za hospitali zisizokwisha. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi kabisa huzaliwa na ugonjwa huu, hivyo si ajabu kwamba akina mama hao walitafutana na kuunda kundi lao katika simu. Mtoto akishikwa na maumivu usiku wa manane, daima yupo mama katika mji mwingine aliye macho, naye hujibu. Waliwachagua wenzao wawili kuwa wasimamizi, na mambo yakaenda kwa kheri.

Ndipo akaingia mtu mmoja, mpole wa maneno na mwingi wa dua. Mbele ya wote hakuandika ila mema. Lakini kando, kwa mama mmoja mmoja, aliandika kwamba anayo dawa ya kuumaliza kabisa ugonjwa huo. Sharti lake ni kuziacha dawa za hospitali, na fedha itangulie. Binti yetu alituma fedha. Mtoto akaachishwa dawa zake, na haukupita mwezi akalazwa na kuongezwa damu. Alhamdulillahi, aliinuka. Mama yake aliporejea nyumbani aliwauliza wenzake wawili kwa siri, kumbe nao walikwisha kuandikiwa maneno yale yale, na mmoja wao alijua tangu miezi minne nyuma. Huyo mmoja alikuja nyumbani kwangu akilia. Nilipomwuliza kwa nini hakumwarifu msimamizi, alinijibu: "Ami, niliogopa kusengenya."

Jibu hilo lilinihuzunisha kuliko habari yote iliyotangulia, kwani lilitoka katika moyo unaomcha Mungu. Mama huyu amefundishwa, tena vema, kwamba Suratul Hujurat imekataza kupeleleza na kusengenya. Ila hakufundishwa mlango wa pili, na kosa hilo ni letu sisi tunaosimama kwenye mimbari. Imam Nawawi, katika kitabu chake mashuhuri cha Riyadhus Salihin, alipokwisha kueleza uharamu wa kusengenya aliweka mlango wa mambo sita yanayoruhusu kumtaja mtu kwa lililo baya kwake. La kwanza ni mwenye kudhulumiwa kupeleka mashtaka kwa mwenye uwezo wa kumtendea haki. La pili ni kutaka msaada wa kuondoa uovu. Limo pia la kuwatahadharisha Waislamu na shari. Bibi Hind bint Utba alimlalamikia mumewe Abu Sufyan mbele ya Mtume Mtukufu s.a.w. kwamba ni bahili, wala hakukemewa. Aliambiwa achukue kiasi kinachomtosha yeye na watoto wake kwa wema. Na Fatima bint Qais alipotaka ushauri juu ya wanaume wawili waliomposa, Mtume s.a.w. alimweleza wazi upungufu wa kila mmoja wao.

Mwaona basi, ndugu zangu, kwamba neno moja laweza kuwa dhambi likisemwa barazani na kuwa wajibu likisemwa kwa anayehusika. Katika Suratun Nisaa, aya ya 83, wanalaumiwa watu ambao kila habari ya amani au ya hofu iwafikiayo huitangaza, hali walipaswa kuirejesha kwa Mtume na kwa wenye mamlaka miongoni mwao. Hilo nalo lilitukia katika kundi lile. Dada mmoja, baada ya kupata habari, aliandika kila kitu mbele ya wote usiku, pamoja na majina ya akina mama waliodanganywa. Nia yake ilikuwa njema. Lakini waliotajwa waliona haya, na wawili wakatoka kundini asubuhi yake, yaani wale wale waliohitaji msaada zaidi.

Napenda nikae kidogo juu ya kisa cha Zaid bin Arqam r.a., kwani mimi sijaona kisa kinachofanana na jambo hili kuliko hicho. Alikuwa kijana mdogo katika safari ya vita. Akamsikia Abdullah bin Ubayy akiwahimiza watu wasiendelee kuwapa chakula na matumizi wale maskini waliokuwa pamoja na Mtume s.a.w. mpaka watawanyike, na kwamba wakirudi Madina mwenye nguvu atamfukuza mnyonge. Zingatieni: lilikuwa ni shauri la kuvunja kusaidiana. Zaid hakupiga kelele kambini. Alimwambia ami yake, na ami akamfikishia Mtume s.a.w. Mtume s.a.w. akamwita kijana, akamsikiliza. Kisha akamwita Abdullah na wenzake, nao wakaapa kwamba hawakusema. Kiapo chao kikakubaliwa. Zaid anaeleza kwamba alipatwa na huzuni ambayo hajapata kuwa nayo mfano wake, akajifungia nyumbani, na hata ami yake akamlaumu. Hapo ndipo ikateremshwa Suratul Munafiqun, na Mtume s.a.w. akamwita Zaid kumwambia kwamba Mwenyezi Mungu amemsadikisha.

Sisi wengi twakumbuka mwisho wa kisa na kuzisahau zile siku za katikati. Mtoa habari aweza kusema kweli na asiaminiwe, na msimamizi aliyefuata ushahidi hakumdhulumu. Siku hizi wahyi wa sheria hauteremki kumaliza kesi zetu. Kwa hiyo anayepeleka habari apeleke na ushahidi: ujumbe wenyewe, tarehe yake, na namba iliyoutuma. Dhana yake aiache nyumbani. Asifute ujumbe kwa hasira, bali aupige picha kwanza. Tena awahi, kwa sababu tangu 2022 msimamizi wa kundi la WhatsApp anaweza kuufuta ujumbe wa mwanachama kwa wote, na ukifutwa bila ya nakala huenda kesi nzima ikafutika nao. Wala asifungue simu ya mwenzake kutafuta asichokijua. Huo ndio upelelezi uliokatazwa.

Na ninyi wasimamizi mnalo fungu lenu. Watu wa Kufa walimshtaki Saad bin Abi Waqqas r.a. kwa Sayyidna Umar r.a., hata wakadai kwamba hajui kusalisha. Umar alimwondoa katika ugavana, akamwita, akamsikiliza, kisha akatuma watu Kufa kuuliza msikiti kwa msikiti. Kote alisifiwa, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama na kumzulia. Saad alimwombea dua nzito, na mtu yule aliishi uzee mrefu wa aibu. Umar r.a. naye, alipokuwa katika mauti mwaka wa 23 Hijria, alitamka kwamba hakumwondoa Saad kwa udhaifu wala kwa hiana. Basi mnaweza kumsimamisha mtu kwa muda huku mkichunguza. Lakini akionekana safi, msafisheni mbele ya wale wale waliomwona akisimamishwa. Jina la aliyewapa habari lisitoke kwenu.

Jueni pia mpaka wa uwezo wenu. Msimamizi humtoa mtu kundini tu. Hawezi kumzuia kuendelea kuwaandikia watu kando, hivyo kila mmoja hana budi kumfungia katika simu yake mwenyewe. Na iwapo fedha imechukuliwa kwa hila, hilo si la kusuluhishwa kwa kahawa. Tanzania inayo Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, na polisi ndio wa kulipokea.

Katika kundi lile wasimamizi walimpigia simu mtu yule na kumpa nafasi ya kujieleza. Aliapa kwa jina la Mungu. Akina mama wanne walikuwa wameuhifadhi ujumbe wake, naye akatolewa, na shauri likapelekwa kituoni. Wale wawili waliotoka kwa kuona haya waliendewa majumbani kwao; mmoja amekubali kurudi. Fedha ya binti yetu haijarudi hadi leo. Mtoto anasoma darasa la pili na anameza dawa zake.