Wakulima Wote Hawajalipwa: Muundo wa Sentensi na Mantiki Yake
Mhadhara wa umma, Nyangamara, Lindi

 

Nianze na sentensi ya maneno matatu. Ni msimu wa korosho, mnada umeshapita, na mtu anasema: Wakulima wote hawajalipwa. Bila shaka humu ndani tumeshagawanyika. Yupo aliyesikia kwamba hakuna hata mmoja aliyepata senti. Yupo aliyesikia kwamba baadhi wamepata, ila bado hawajatimia wote. Kwa chama cha msingi hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Ya kwanza anaulizwa mnunuzi: fedha umeleta au hujaleta? Ya pili anaulizwa karani, na pengine benki: majina ya nani yamekwama?

Sasa tazameni. Hakuna neno lenye maana mbili hapo. Wakulima ni wakulima, wote ni wote, kulipwa ni kulipwa. Utata umetoka kwenye mpangilio. Tunauliza nani kamweka mwenzake chini yake: ukanushi ulio ndani ya kitenzi unatawala “wote”, au “wote” ndiyo inayotawala ukanushi? Eneo hilo la utawala wanaisimu huliita upeo, nami leo nitaling’ang’ania, kwa sababu ndipo sarufi na mantiki zinapokutana.

Ukanushi wa Kiswahili umebanwa kwenye kitenzi. Ha-, hu-, si-, hawa-: vyote vinakaa mwanzoni mwa kitenzi na haviondoki hapo. Kwa hiyo msemaji anayetaka ukanushi ulitawale neno “wote” waziwazi hana budi kuijenga sentensi upya: Si wakulima wote waliolipwa. “Si” inayosimama peke yake imewekwa mbele kabisa, na kitenzi kilichokuwa kikijitegemea kimegeuka kishazi rejeshi. Akitaka maana ile nyingine, atasema Hakuna mkulima aliyelipwa, na hapo pia kitenzi kimeshuka cheo. Jaribuni na idadi. Wakulima watatu hawakulipwa maana yake kuna watatu waliobaki mikono mitupu. Lakini naweza kusema Hawakulipwa wakulima watatu, walilipwa wawili, na hapo ninachokikanusha ni hesabu yenyewe. Kitenzi kimetangulia, idadi imeingia chini ya ukanushi.

Shuleni tunawafundisha vijana kuchanganua sentensi kwa matawi, kwa jedwali, kwa mishale. Kitabu cha Massamba, Kihore na Hokororo, Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu, kilichotolewa na TUKI mwaka 1999, kimetusaidia sana kukata virai na vishazi. Ugomvi wangu ni na desturi ya kuishia kwenye kukata. Mwanafunzi anachora matawi mazuri ya Wakulima wote hawajalipwa, anapata alama zake, na hakuna anayemuuliza kama matawi hayo yanamwambia nani kalipwa.

Wanafalsafa wa Ulaya waliliona tatizo hili mapema. Mjerumani Gottlob Frege alitunga mwaka 1879 mfumo wa alama ambamo “wote” na “baadhi” zinaandikwa kwa namna isiyoacha shaka ipi iko ndani ya ipi. Mwingereza Bertrand Russell, katika makala yake maarufu ya mwaka 1905, alionyesha kwamba umbo la sentensi tunayoisikia linaweza kuficha umbo lake la kimantiki. Wengi wakatoka hapo na wazo kwamba lugha ya watu ni kitu kilegevu, na mantiki inabidi itafutiwe lugha yake. Mmarekani Richard Montague alilikataa wazo hilo. Mwaka 1970 alitamka kwamba hakuna tofauti ya msingi kati ya lugha za watu na lugha zinazotungwa na wanamantiki: zote zinaweza kuelezwa kwa hisabati ileile, kanuni ya muundo ikiambatana na kanuni ya maana. Alifariki mwaka uliofuata. Mimi niko upande wa Montague, na ushahidi ninaoupenda kuliko wote unatoka mkoa huu.

Mwaka huohuo wa 1905, Russell akiwa anashughulika, katika makala yake ile, na mfano wa mfalme wa Ufaransa asiyekuwepo, vilima vya Umatumbi kule Kilwa vilikuwa vinaingia kwenye Vita vya Maji Maji. Lugha ya vilima hivyo, Kimatumbi, leo inajulikana kwa wanaisimu wa dunia nzima kuliko inavyojulikana Dar es Salaam. Sababu kubwa ni kazi ya David Odden, aliyeandika kitabu kizima juu ya sauti na maumbo yake, kikachapishwa Oxford mwaka 1996.

Chukueni neno moja la Wamatumbi: kikoloombe, kombe la kusafishia. Likisimama peke yake, irabu ya “loo” inavutwa. Ukisema “kombe langu” inakuwa kikolombe chaangu: mvuto umekatika. Lakini kikoloombe likiwa kiima, na baada yake kikaja kitenzi cha kusema kwamba limevunjika, irabu inavutwa kama kawaida. Kisa? “Langu” limo ndani ya kirai kimoja na kombe. Kitenzi kiko nje ya kirai hicho. Maneno yamepakana vilevile katika hali zote mbili, ila mdomo wa Mmatumbi unajua ukuta uko wapi. Yale matawi tunayoyachora ubaoni, ambayo mwanafunzi hudhani ni kazi ya kumsumbua tu, bibi wa Kipatimu, huko Umatumbi, anayatamka.

Si hilo tu. Kimatumbi kina nyakati za kitenzi zinazoweka uzito wa habari kwenye kitenzi chenyewe, na nyingine zinazouweka kwenye kinachofuata. Majirani zetu wa Kimakonde nao wana jozi za maumbo ya kitenzi za aina hiyo. Katika Kimakua, kama Jenneke van der Wal alivyoonyesha mwaka 2009 kwa lahaja moja ya Msumbiji, umbo mojawapo la jozi hiyo linakifanya kinachofuata kitenzi kisikike kuwa “hicho tu, si kingine”. Hiyo “tu” ni mantiki tupu. Kiswahili kinaifanyia kazi hiyo mahali pengine. Juma amelipwa inabaki kweli hata kama Asha naye amelipwa. Juma ndiye aliyelipwa inaanguka siku ileile Asha anapopokea chake.

Niguse pia kiambishi hu- cha mazoea, siyo kile cha ukanushi, maana wazee hapa wanakitumia kuliko sisi wa vyuoni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Humo hamna “kila” wala “wote”, lakini hakuna anayedhani anasimuliwa habari za mtu mmoja. Kirejeshi cha “asiye” kimefungua nafasi kwa yeyote, na hu- ikaifanya kanuni. Ila kanuni hiyo ina upande mmoja tu. Inasema asiyesikia atavunjika; haisemi kwamba kila aliyevunjika hakusikia. Vijana wangapi wameanguka mnazini kwa bahati mbaya, wakafika nyumbani wanachechemea, wakapigwa methali hii juu ya maumivu yao! Methali haina kosa. Aliyeigeuza kichwa chini ndiye mwenye kosa la kimantiki.

Sasa nije kwenye sheria, ambako mambo haya yana bei. Mwaka 2021 Bunge letu lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Wengi walijadili istilahi: tutasemaje hiki, tutasemaje kile. Istilahi zinapatikana, mtu anakaa na kamusi, siku mbili tatu anapata. Hofu yangu iko kwenye viungo vidogo. Tuchukue kifungu cha kubuni: Mtu asiye na leseni na kibali haruhusiwi kununua korosho. Mfanyabiashara ana leseni, kibali hana. Amevunja sheria? Kama “na” inatawala “asiye”, anayezuiwa ni yule asiye na leseni na papo hapo asiye na kibali, yaani aliyekosa vyote viwili, naye wetu ana kimoja, basi yu salama. Kama “asiye” ndiyo inayotawala, anazuiwa kila ambaye hajatimiza vyote viwili, hata akikosa kimoja tu, naye yumo hatiani. Wakili atasoma kwa njia ya kwanza, mwendesha mashtaka kwa njia ya pili, na wote wawili watakuwa wanasoma Kiswahili sahihi.

Dawa yake ni ya kimuundo: Haruhusiwi kununua korosho mtu asiye na leseni, wala mtu asiye na kibali hata kama leseni anayo. Ni ndefu, haina mvuto, na mhariri wa gazeti angeifupisha. Mwandishi wa sheria asimruhusu.