Kamera ikinyamaza, tusimkimbilie zamu
(Mazungumzo kwenye mkutano wa wanachama, Baraka)



Mnajua kwamba kwenye depo yetu ya mbegu tuliweka kamera na kipimajoto, vyote vinatuma habari kwenye simu kupitia wifi. Karibu kila usiku, kwenye saa nane, vilikuwa vinazimika. Asubuhi vinarudi vyenyewe. Halafu mifuko miwili ya karanga ikakosekana. Tukasema: zamu njo anazima. Tulikuwa karibu kumfukuza, mtu tuliyerudi naye kutoka Nyarugusu!

Kabla ya kumfukuza, tukalala depo usiku mmoja. Saa nane batri ikaisha, ruta ikazimika, zamu akiwa amekaa mbele yetu. Na ile mifuko? Ilitoka mchana, ikapewa wanachama bila kuandikwa kwenye daftari. Kosa lilikuwa letu sisi wa ofisi.

Basi haya tuliyojifunza yanaweza kumsaidia yeyote anayetaka vyombo vya namna hii nyumbani.

Kwanza, piga hesabu ya umeme. Ruta na kamera yetu vinakula wati 10 hivi. Masaa 12 ya usiku ni watisaa 120. Batri ya volti 12, ampea-saa 20, inabeba 240, lakini batri ya asidi haifai kutumiwa kupita nusu, itakufa mapema. Nusu ni 120: inatosha bila kubakisha kitu. Na sisi tulikuwa tunachajia simu za watu palepale! Sasa mtandao uko na batri yake ya ampea-saa 40, na simu zinachajiwa kwingine.

Pili, ruta ikae juu, katikati ya nyumba. Yetu ilikuwa chini, nyuma ya kabati la chuma, na chuma kinazuia mawimbi. Vyombo vingi vidogo vinashika masafa ya gigahezi 2.4 tu, yale ya 5 havisikii. Ruta yako iyawashe hayo ya 2.4.

Tatu, weka kadi ya kumbukumbu ndani ya kamera. Intaneti ikikatika, picha zinabaki, mradi umeme upo.

Nne, badilisha neno la siri lililotoka kiwandani. Wageni wapewe mtandao wao wa pembeni. Wetu sisi kila mtu alikuwa nao. Video zilimaliza mega, kamera ikakosa.

Zamu wetu yuko hapa leo. Tulimwomba msamaha mbele ya komite. Tunarudia mbele yenu wote, juu ya jina lake lilichafuka mbele ya watu. Chombo kikinyamaza, tuangalie kwanza batri, halafu daftari. Mtu awe wa mwisho.