Mohamed Amin: picha ilisafiri, sababu ikabaki nyuma

Mazungumzo na vijana, Kenol, Kaunti ya Murang'a

Ndugu zangu na dada zangu wa hapa Kenol, na nyinyi mliopanda matatu kutoka Murang'a mjini, Sagana, Karatina na Nyeri, karibuni. Nimeambiwa niongee kuhusu kazi ya mpiga picha wa habari, yule anayefuata haki za binadamu na afya. Najua wengi mngependa nianze na kamera gani inunuliwe. Hilo mtauliza mwishoni. Mimi nitaongea juu ya mtu mmoja.

Mohamed Amin, Mo kwa waliomjua. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyetoka Punjab, akakulia Dar es Salaam. Kamera yake ya kwanza ilikuwa Box Brownie ya mtumba. Mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 20 hivi, akaanzisha kampuni yake, Camerapix, huko huko Dar. Hebu jipigie hesabu na umri wako. Mwaka 1966 akafungwa Zanzibar karibu mwezi mzima kwa sababu ya kazi hii. Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi, Julai 1969, Amin alifika katika dakika chache. Na kama nyumbani kwenu kuna kitabu cha zamani cha picha za Hija, Pilgrimage to Mecca cha 1978, angalia jina kwenye jalada.

Halafu Ethiopia. Oktoba 1984 Amin na Michael Buerk wa BBC walifika kaskazini, Korem na Mekele. Mwezi mmoja kabla, serikali ya kijeshi ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa imesherehekea miaka 10 ya mapinduzi pale Addis Ababa, gwaride na mapambo, huku watu wakifa njaa kaskazini na waandishi wakizuiwa kwenda kuona. Amin ndiye aliyejua mlango wa kubisha. Alikuwa amefanya kazi Ethiopia miaka mingi, watu wa maofisini walimjua, vibali vikatoka. Sehemu hii ya kazi hamuioni Instagram: miaka ya kujuana na watu kabla ya picha moja.

Tarehe 23 Oktoba BBC ikaionyesha. Alfajiri ya baridi, maelfu ya watu chini kwenye uwanda, maiti zimeviringishwa vitambaa. Vituo zaidi ya 400 duniani vikairusha. Bob Geldof akaiona, ukaja wimbo wa Band Aid, kisha Live Aid tarehe 13 Julai 1985, London na Philadelphia siku moja. Chakula na dawa vikasafiri.

Kwenye ripoti ile kuna muuguzi kijana wa Msalaba Mwekundu pale Mekele, Claire Bertschinger. Chakula kilitosha watoto wachache tu, na nje walikuwa wamekaa wengi mno kuliko nafasi. Kazi yake ilikuwa kupita kwenye safu na kuchagua nani aingie. Waliokuwa wamedhoofika kupita kiasi aliwaacha, ili nafasi impate yule mwenye tumaini la kupona. Nikiulizwa uandishi wa afya ni nini, namtaja yeye kwanza. Si picha ya mgonjwa peke yake. Ni uamuzi ambao mtu wa afya analazimishwa kuufanya, na nani amemlazimisha.

Na hapo kwa "nani" ndipo nataka tukae kidogo. Waliotazama ile ripoti waliona ukame. Mvua imekosa, wakasema, ni kudra. Ni kweli mvua ilikosa. Lakini kulikuwa na vita: jeshi la serikali dhidi ya wapiganaji wa Eritrea na Tigray, ndege zikipiga masoko, nafaka ikizuiwa isipite. Baadaye watu wakahamishwa kwa nguvu kupelekwa kusini. Madaktari Wasio na Mipaka wa Ufaransa walipolipigia kelele jambo hilo, walifukuzwa nchini Desemba 1985. Mwaka 1991 shirika la Africa Watch likaandika yote hayo katika ripoti ndefu, Evil Days. Lakini hiyo ni miaka 7 baadaye, na ripoti haina wimbo.

Kwani Amin alikosea? Mimi sisemi hivyo. Bila yeye wangekufa wengi zaidi. Nasema hivi: picha ya mtoto aliyekonda haiwezi kukuonyesha ndege iliyopiga soko. Hiyo lazima iandikwe kando yake, na isipoandikwa mtazamaji atajaza sababu yake mwenyewe. Kwa miaka mingi aliijaza vibaya, na sura ya Afrika ikawa mtoto asiye na jina.

Gharama yake nayo tuitaje. Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Amin alipoteza mkono wa kushoto. Fundi wake wa sauti, John Mathai, jina ambalo si geni masikioni mwenu hapa, alikufa. Amin akarudi kazini na mkono wa bandia. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines aliyopanda ilitekwa nyara, mafuta yakaisha, ikaanguka baharini Komoro. Walikufa watu 125, naye akiwamo.

Sasa turudi hapa. Ukitoka Kenol kwenda Thika unapita mashamba ya mananasi ya Del Monte. Mwaka 2023 The Guardian la Uingereza na Bureau of Investigative Journalism walichapisha madai ya wanavijiji kwamba walinzi wa shamba waliwapiga na hata kuua watu walioshukiwa kuiba mananasi. Nayasema kama madai. Lakini habari ya namna hiyo haisimami kwa picha ya jeraha tu. Jeraha linataka tarehe, karatasi ya hospitali, na mtu aliyekubali kuongea.

Angalieni pia BBC Africa Eye, Aprili 2025, filamu yao kuhusu tarehe 25 Juni 2024 pale Bungeni. Walichambua picha zaidi ya 5,000, wakazipanga kwa saa na mahali, mpaka wakataja maafisa wanaosema ndio waliofyatua risasi. Hapo picha imeanza kujibu swali la nani.

Kwa hivyo, ukipiga picha, ile faili ya kwanza usiifute. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, inapunguzwa ubora na taarifa za saa na mahali zinapotea. Andika siku hiyo hiyo: wapi, saa ngapi, nani. Na wodini, omba ruhusa kwa mgonjwa au mzazi kabla hujainua simu. Tangu 2019 tuna sheria ya kulinda data za watu, na hata bila sheria, yule ni mama wa mtu.

Haya, maswali. Dada wa nyuma ameinua mkono kitambo, tuanze na yeye.