Mashine Ghalani na Usalama wa Mtu
(Hotuba ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu)



Kwa miaka kumi magunia yetu yamepandishwa kwa mabega ya wapagazi. Leo Mkutano umeombwa kununua ukanda wa umeme na mkono wa chuma wa kupanga magunia. Mimi siipingi mashine, maana bega la mtu nalo huchakaa. Lakini kabla ya kupiga kura, yafaa tujue yaliyowapata wengine.

Mwaka 1979, katika kiwanda cha magari huko Flat Rock, Michigan, Marekani, kijana wa miaka 25 alipanda kwenye rafu za vipuri ili achukue vitu kwa mikono yake. Mkono wa mashine ukampiga kichwani, akafa. Mwaka 1983 mahakama iliwapa jamaa zake fidia ya dola milioni 10.

Novemba 2023, huko South Gyeongsang, Korea ya Kusini, msiba ulitokea katika kituo cha mazao ya wakulima. Fundi alikuwa akikagua kifaa cha kuhisi cha mashine iliyoinua masanduku ya pilipili hoho. Mashine ikamshika, ikambana juu ya ukanda. Hakupona.

Ndugu zangu, wote wawili waliingia mahali mashine inapofika, nayo ingali na nguvu. Mashine haijui gunia wala mtu. Hutimiza iliyoamriwa tu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, uzio ambao mlango wake ukifunguliwa, mashine huzimika. Pili, swichi kuu ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayeingia. Tatu, gunia likikwama, asiamriwe mtu kulinasua ukanda ukienda, hata kama malori yanangoja.

Atasema mtu kwamba gharama hiyo itapunguza malipo ya mkulima. Ni kweli. Tena iko Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Lakini fidia hulipwa baada ya mkono kukatika, wala haiurudishi. Na wapagazi wale ni akina nani, kama si watoto wetu wenyewe?

Basi tununue mashine pamoja na uzio wake; na fedha zisipotosha vyote viwili, tungoje msimu mwingine.