Wikipedia: Ni Nani Aliyekwambia?

Ndugu yangu msomaji, nasema nawe, hasa wewe uliye chuoni na una kazi ya kumpelekea mhadhiri wiki ijayo.

Wikipedia ilianzishwa Januari 2001, na karibu kila mtu aweza kuiandika na kuirekebisha: mimi, wewe, na yule asiyejua kitu. Waalimu wakiikataa sisi husema ni ukale wao tu. Basi sikiza.

Mei 2005 mtu mmoja kule Marekani aliandika katika ukurasa wa mwandishi habari John Seigenthaler kwamba aliwahi kudhaniwa kuhusika na mauaji ya Rais John Kennedy na nduguye Robert. Uongo mtupu! Seigenthaler alikuwa msaidizi wa huyo Robert. Aliyeandika alikuja kusema alikuwa akimtania mwenzake wa kazini. Mzaha huo ulikaa pale zaidi ya miezi 4.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Desemba 2005 jarida la Nature lilieleza kwamba wataalamu walipewa makala 42 za sayansi wazikague. Waliona makosa kama 4 kwa kila makala ya Wikipedia, na kama 3 kwa ile ya Britannica. Kwa hivyo shida si kwamba imejaa uongo. Shida ni kuwa wewe unayeifungua leo hujui umefika baada ya fundi kupita, au baada ya mtundu.

Na wanaonaswa si wanafunzi peke yao. Mwaka 2009 mtunzi wa muziki Maurice Jarre alipofariki, mwanafunzi mmoja wa Dublin alibuni maneno akayatia Wikipedia kana kwamba ni ya marehemu. Wahariri wa Wikipedia waliyafuta, lakini magazeti, The Guardian likiwemo, yalikwisha kuyachapa. Hebu fikiri: mwanafunzi angetaja gazeti hilo kesho yake, angepewa alama!

Sasa ufanyeje? Isome, hakuna ubaya. Halafu shuka chini kabisa kwenye tanbihi zenye nambari. Kitabu kilichotajwa pale kitafute maktaba, ufungue ukurasa wenyewe. Hicho ndicho utakachokitaja kwenye kazi yako. Dai lisilo na nambari liache. Na juu ya ukurasa kuna sehemu ya historia, inayoonyesha nini kimebadilishwa na siku gani. Ifungue kabla hujanakili chochote. Ukikuta jana watu walikuwa wakifutiana, ngoja kwanza.