Subira Isiwe Kimya: Malezi ya Dini na Haki ya Mwanamke
Hotuba kwa wanawake wafanyabiashara na viongozi wa dini, Bujumbura

 

Binti wa Buyenzi hufundishwa madrasani, na mwenzake wa Gatumba hufundishwa kanisani, mambo yanayofanana: asiseme uongo, asiguse cha mtu, awe na subira, awatii wakubwa. Malezi hayo ni hazina. Mama anayevuka kwenda Uvira na bidhaa zake huaminiwa kwa mkopo kutokana na tabia aliyolelewa nayo.

Lakini lipo somo linalofundishwa nusu. Binti huhimizwa subira, asielezwe haki yake. Akishakua, anayemtoza fedha bila stakabadhi hutegemea woga wake. Anayempiga na kumnyang'anya mtaji nyumbani hutegemea kimya chake. Naye hudhani kwamba kushitaki ni upungufu wa imani.

Tuwafundishe somo zima. Bibi Khadija binti Khuwailid alikuwa mfanyabiashara wa Makka mwenye mali yake mwenyewe. Ndiye aliyemwajiri Muhammad kusafiri na bidhaa zake hadi Sham, kabla hawajaoana. Lidia wa Thiatira, anayetajwa katika Matendo ya Mitume, aliuza nguo za zambarau, akamkaribisha Paulo na wenzake nyumbani kwake. Imani haikuwaondolea uamuzi juu ya mali yao. Iliwaonyesha pa kuitumia.

Sheria nayo haiko kimya. Tangu mwaka 2005, Katiba ya Burundi inataka wanawake wasipungue asilimia 30 katika Serikali na Bunge. Sheria ya tarehe 22 Septemba 2016 inaadhibu ukatili wa kijinsia, hata ukitendeka ndani ya ndoa.

Basi tunaomba mambo matatu. Viongozi wa dini, mnapohubiri subira, hubirini pia kwamba dhuluma ni dhambi ya anayeitenda. Askari wenzangu, mama akifika kituoni, tusimwulize kwanza amemkosea nini mumewe. Tumpe kiti, tumsikilize, tuandike maelezo yake. Nanyi mama zetu, daini stakabadhi kwa kila fedha mnayotozwa, na mkidhulumiwa njooni mapema, kabla jeraha halijapona na mashahidi hawajatawanyika.