Hisa ya Bei ya Kutupa

Msikilizaji wa mtaa wa Satellite au Kawangware jijini Nairobi akisikia hisa imeporomoka, huona nafasi. Pengine hakosei. Hisa ya kampuni ya simu ya Safaricom iliuziwa umma kwa shilingi 5 mwaka 2008, kisha ikateremka chini ya shilingi 3. Walionunua wakati huo, wenzao wakiuza kwa hasira, walivuna vizuri. Lakini hisa ya kampuni ya sukari ya Mumias nayo ilikuwa rahisi, tena kila iliposhuka ilizidi kuonekana rahisi, huku wenye hisa wakingoja serikali iiokoe kampuni. Mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya meneja mrasimu, msimamizi wa kampuni iliyolemewa na madeni. Soko likifufuka, haliinui kila maiti. Kampuni zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi huchapisha hesabu zao. Nikizisoma, mimi huanza na deni, faida baadaye.